Masafa Mafupi Yafikayo Mbali: Kiswahili na Elimu ya Mawimbi ya Redio

Utangulizi

Katika vikao vya vyama vya Kiswahili, swali la iwapo lugha hii yaweza kubeba sayansi hujibiwa mara nyingi kwa orodha. Mmoja husimama akataja istilahi zilizokwisha kuundwa, mwingine akampinga kwa kutaja zile ambazo hazijaundwa, na kikao kikamalizika kila upande ukiwa umeshikilia orodha yake. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Katika taaluma ya mawimbi ya redio, tatizo linalostahili kushughulikiwa kwanza halihusu istilahi zinazokosekana. Linahusu istilahi iliyopo, inayotamkwa kila saa na watangazaji wa Afrika Mashariki nzima, ambayo inabeba maana mbili zinazopingana ndani ya uwanja mmoja. Istilahi hiyo ni masafa.

Hoja hii inafaa kupimwa mbali na kumbi za vyuo. Nyamarambe, mji wa soko ulioko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ni mahali pazuri pa kuipimia. Hapo, kama kwingineko Gusii, Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili hutumika sokoni na mgeni anapofika, na Kiingereza ndiyo lugha ya somo la Fizikia. Aidha, nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde, na vilima ni mwalimu mkali wa mawimbi. Anayeishi juu ya kilima na anayeishi bondeni hununua redio ya aina moja kwa bei moja, lakini hawasikii kitu kimoja. Mtu anayetaka kujua sababu yake anahitaji maneno mawili yasiyochanganyika. Hayo ndiyo Kiswahili chetu hakijampa.

Neno moja, mizigo miwili

Masafa ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali. Ndiyo maana Wakenya husifu wanariadha wao wa mbio za masafa marefu, na magazeti huandika kuhusu makombora ya masafa ya kati. Hadi hapo hakuna utata.

Redio ilipoingia, watangazaji na wafasiri walihitaji namna ya kuyataja makundi ya mawimbi. Yale ambayo urefu wake, kutoka kilele hadi kilele, ni mita mia kadhaa yakaitwa masafa ya kati. Yale yenye urefu wa kati ya mita 10 na mita 100 yakaitwa masafa mafupi. Wasikilizaji wa zamani watakumbuka pia neno mitabendi, ambalo lilitaja urefu huo waziwazi: mitabendi 49, mitabendi 31. Katika matumizi hayo, masafa yalimaanisha urefu wa wimbi.

Baadaye zikaja stesheni za FM. Mtangazaji wa leo husema kwamba msikilizaji amejiunga naye katika masafa ya tisini na kitu FM. Idadi hiyo haipimi urefu wowote. Inahesabu ni mara milioni ngapi wimbi linapanda na kushuka katika sekunde moja. Kipimo hicho kinaitwa hezi, kutokana na jina la Mjerumani Heinrich Hertz, ambaye kati ya 1886 na 1888 alithibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme aliyoyabashiri James Clerk Maxwell yapo kweli. Katika matumizi haya ya pili, masafa yamekuwa idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Msomaji atauliza: kuna ubaya gani neno kuwa na maana mbili? Lugha zote zina maneno ya namna hiyo. Ubaya ni kwamba vipimo hivi viwili hutegemeana kwa kinyume. Mawimbi yote ya redio husafiri hewani kwa mwendo mmoja, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukizidisha urefu wa wimbi kwa idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, unapata mwendo huo. Kwa hiyo kimoja kikiongezeka, kingine hupungua. Wimbi la megahezi 6 lina urefu wa mita 50. Wimbi la megahezi 100, ambalo liko katikati ya bendi ya FM, lina urefu wa mita 3 tu. Neno linalotaja vyote viwili ni sawa na neno ambalo sokoni lingemaanisha bei na pia kiasi cha bidhaa kinachopatikana kwa shilingi mia. Bei ikipanda, kiasi hushuka. Mnunuzi atakayeambiwa kwamba "neno hilo" limepanda hatajua acheke au alie.

Kuna upotofu mwingine uliojificha humo. Kwa kuwa masafa ni umbali, mtu wa kawaida anaposikia masafa mafupi hudhani ni mawimbi yasiyofika mbali. Ukweli ni kinyume chake. Mawimbi hayo ndiyo yaliyoleta sauti za ng'ambo hadi vijijini mwa Gusii: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Yalifika kwa sababu mawimbi ya kati ya megahezi 3 na 30 hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa lenye chembe zilizochajiwa, yakaruka bahari na majangwa kama mpira unaodundadunda. Mawimbi ya FM kwa kawaida hulipenya tabaka hilo na kupotelea angani, na yale yanayobaki chini husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kilima kikisimama katikati, bonde lililo nyuma yake hubaki kivulini. Hivyo masafa mafupi yalivuka bara, ilhali FM ya mji wa jirani yaweza kushindwa na mlima mmoja. Mwanafunzi aliyelelewa na jina hilo lazima kwanza apinge lugha yake ndipo aielewe fizikia.

Wimbi ndani ya waya

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni ya wahandisi wa minara, hayamhusu fundi wa soko. Dai hilo si kweli, na sababu iko ndani ya waya wenyewe.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Wimbi lake, kwa mwendo ule ule wa mwanga, lina urefu wa kilomita 6,000, umbali unaokaribia ule wa kutoka Nairobi hadi London. Waya wa nyumba wenye mita 20 ni chembe ndogo sana ya wimbi hilo. Kwa hiyo fundi wa umeme anaweza kuuchukulia mkondo katika waya kuwa ni ule ule mwanzo na mwisho kwa wakati mmoja. Kanuni zote za saketi anazofundishwa mtoto wa sekondari zimesimama juu ya dhana hiyo, ingawa ni nadra kuambiwa kwamba ni dhana.

Ukipanda hadi megahezi 100 dhana hiyo huvunjika. Wimbi sasa lina mita 3 hewani, na ndani ya waya wa antena wenye plastiki ngumu kati ya kiini na kifuniko chake, ambamo mwendo hupungua hadi theluthi mbili hivi, lina mita 2. Kila sentimita 50 za waya ni robo ya wimbi. Mahali pamoja volteji imefika kileleni, na nusu mita mbele, katika nukta ile ile ya wakati, iko sifuri. Waya umeacha kuwa njia tu. Umekuwa bahari ndogo yenye mawimbi yake.

Na mawimbi yakigonga ukingo hurudi. Kila waya wa antena una kipimo chake cha namna unavyolipokea wimbi, yaani uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi linalosafiri ndani yake. Makala haya yanapendekeza kipimo hicho kiitwe kizuio cha waya, ili kisichanganywe na ukinzani unaopasha waya joto. Waya wa duara wa televisheni una kizuio cha omu 75. Ule bapa wa zamani wenye nyuzi mbili sambamba una omu 300. Ukiziunganisha nyaya hizo moja kwa moja, wimbi likifika kwenye kiungo hukuta badiliko la ghafla. Hesabu yake ni nyepesi: toa 75 kutoka 300, upate 225, jumlisha 75 na 300, upate 375, gawanya 225 kwa 375, upate 0.6. Asilimia 60 ya volteji ya wimbi hurudi lilikotoka. Kwa kuwa nguvu hufuata kipeo cha pili cha volteji, asilimia 36 ya nguvu haikuvuka.

Hapa ndipo fundi wa soko, wa Nyamarambe au wa kwingineko, anapoingia. Akiwa na mita yake inayotumia betri, atapima waya huo na kuukuta mzima. Haujakatika wala haujapiga shoti. Mita haidanganyi, ila inauliza swali la umeme usiotetema, na jibu lake halihusu wimbi. Mahali penye mawimbi mazito hasara hiyo haitaonekana. Bondeni, ambako televisheni ya dijitali inapokea kiasi kinachotosheleza kwa taabu, hasara hiyo hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya picha na kioo cheusi. Mteja ataambiwa anunue antena kubwa zaidi, au king'amuzi kipya, kumbe kilichohitajika ni kigeuzi kidogo cha kuoanisha vizuio viwili. Elimu iliyokosekana ni aya moja tu, lakini aya hiyo imeandikwa katika vitabu ambavyo fundi huyo hakuandikiwa. Anayelipa gharama ya pengo hilo ni mteja.

Yafaa ikumbukwe kwamba ujuzi haumpungukii fundi. Kabla ya mitambo ya televisheni ya analogi kuzimwa nchini Kenya mwaka 2015, mafundi waliona picha zenye vivuli, mtu mmoja akionekana kama wawili, na wengi walijua kuigeuza antena hadi kivuli kipungue. Walikuwa wakishughulika na mwangwi: wimbi moja likifika moja kwa moja na jingine likichelewa baada ya kugonga kilima. Mkono ulijua kabla ya kinywa kupata neno. Kazi ya mwanaisimu ni kukipa kinywa neno linalolingana na mkono.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba Kiingereza kinatosha. Watoto husoma Fizikia kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na vifaa vina maandishi ya Kiingereza. Hili haliwezi kukanushwa. Hata hivyo, elimu haiishii kwa waliofaulu mtihani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia kwa nini simu yake haina mtandao bondeni ina urasmi wa karatasi.

Hoja ya pili ni kwamba taswira za Kiswahili ni za pwani. Mtoto wa Gusii, wasema, anapolisikia neno wimbi huiona kwanza ile nafaka nyekundu ya uji, wala hafikirii bahari. Ni kweli kwamba maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, na ni kweli kwamba bahari iko mbali na Nyamarambe. Lakini hakuna aliyewahi kuchanganya uji na redio. Maana mbili zinazokaa katika nyanja mbili zilizo mbali hazigombani, muktadha huzitenganisha. Ndiyo sababu mbio za masafa marefu hazileti tabu yoyote. Zinazogombana ni maana mbili zinazokaa katika sentensi moja ya somo moja, kama ilivyo kwa masafa ya redio.

Isitoshe, taswira za baharini si aibu ya kitaaluma. Neno antena lenyewe, kabla ya kuwa la redio, lilikuwa jina la Kilatini la mti wa tanga la jahazi, ule ambao mabaharia wetu huuita foromali. Wazungu waliazima neno la chomboni wakalipandisha juu ya paa. Lugha iliyozaliwa na mabaharia haina haja ya kuona haya kufanya kama walivyofanya wao.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba istilahi zimekwisha kuundwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na hivyo tatizo ni uvivu wa watumiaji. Mgala muue na haki yake mpe: kazi hiyo ilikuwa kubwa, nayo inastahili heshima. Hata hivyo istilahi haiishi kwa kuchapishwa. Huishi kwa kuhitajiwa. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kufanya kazi ya telegrafu, ndiye aliyebuni mwaka 1886 neno la Kiingereza linalotumiwa hadi leo kwa dhana iliyoitwa kizuio hapo juu. Aliliandika katika jarida lililosomwa na mafundi wa umeme, waliokuwa na nyaya mbovu mikononi na swali lisilo na jina. Neno lilishika kwa sababu swali lilikuwepo tayari. Istilahi zetu nyingi zimesafiri njia ya kinyume: zilipewa jina mezani, zikatumwa kumtafuta mwenye swali, na hazikufika Nyamarambe.

Njia ya kufuata

Yapo mambo matatu ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuyafanya bila kungoja sera.

La kwanza ni kulitua neno masafa mzigo mmoja. Mamilioni ya wasikilizaji wamekwisha kulizoea kwa maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, na si busara kupigana na mamilioni. Basi libaki na maana hiyo. Urefu urudishiwe mwenyewe, yaani wimbi: tuseme mawimbi marefu, mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, na istilahi masafa mafupi iachwe katika historia ya utangazaji. Sarufi yenyewe itasaidia. Mawimbi huwa marefu au mafupi. Masafa huwa ya juu au ya chini. Mwanafunzi akiishika kanuni hiyo ndogo ya vivumishi na vielezi, ataweza kutamka bila kigugumizi kwamba masafa ya juu ni mawimbi mafupi, nayo ndiyo sentensi ya kwanza ya somo zima.

La pili ni kukusanya kabla ya kuunda. Mafundi wa redio, simu na sola wana maneno yao: waya, shoti, chaji, koili, neti, eria. Baadhi ni ya mkopo, baadhi ni ya Kiswahili yaliyopewa kazi mpya. Tasnifu nyingi za isimu zimeandikwa kuhusu lugha ya matatu na ya mitaani; lugha ya meza ya fundi inastahili uangalifu huo huo. Mtafiti anayezungumza Ekegusii ana faida ambayo mtafiti wa mbali hana, kwani ataelewa fundi anaposita katika lugha moja na kukimbilia nyingine.

La tatu ni kuandika. Istilahi hupata uhai ndani ya aya, na aya huandikwa na watu. Tuchukue mfano wa kitufe cha kutafutia stesheni. Ndani ya redio mna koili na kapasita. Koili hupinga badiliko la mkondo. Kapasita hupokea chaji na kuirudisha. Zikiungwa pamoja, nguvu huenda na kurudi baina yao kwa masafa maalumu, kama pembea. Antena huleta sauti za stesheni nyingi kwa pamoja, lakini saketi hiyo huitikia ile tu ambayo masafa yake yanalingana na yake. Jambo hilo laweza kuitwa mwitiko, neno ambalo kila mpenzi wa nyimbo anajua jamaa yake, kiitikio. Aya hii haikuhitaji kamati. Ilihitaji mtu aliyeielewa saketi kwanza, kisha akaiandika.

Na hapo ndipo penye udhaifu wetu wa kweli. Mwanafunzi wa fasihi huona fahari kutoijua Fizikia, na mwanafunzi wa uhandisi huona fahari kukisahau Kiswahili. Kila mmoja humngoja mwenzake avuke. Idara zinazopakana katika chuo kimoja zimekuwa kama zile nyaya mbili zilizoungwa bila kigeuzi: ukipima kwa mita utaona zimeshikana, lakini kinachotumwa upande huu hurudi kabla ya kufika upande wa pili. Kikao kimoja cha pamoja kwa muhula, ambacho mhandisi anaeleza na mwanaisimu anauliza hadi waelewane, kingefaa kuliko makongamano matatu ya kuomboleza.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba Fizikia ifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi katika kila shule. Hilo ni jambo la sera, walimu na vitabu, na lina mjadala wake. Dai lililotolewa ni dogo na linawezekana: kwamba lugha inayotangaza redio mchana na usiku iweze pia kuieleza redio, na ianze kwa kulisafisha neno moja ambalo kila msikilizaji analijua.

Wapo watakaosema kuwa neno moja ni kitu kidogo mno kushughulisha chama kizima cha wanafunzi. Wamwulize mteja wa bondeni aliyenunua antena mbili na bado hana picha. Yeye amekwisha kulipa, na fundi wake aliuliza swali sahihi katika lugha ambayo haikuwa na jibu. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayelipeleka jibu hilo Nyamarambe, likiwa limeandikwa kwa maneno ambayo fundi anaweza kuyakosoa, atakuwa ameitumikia lugha yake.